Rodi Iliyopindwa Mara Mbili

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, ndege na mabehewa yakigombaniwa kama vyombo vya wanandoa wanaoachana. Vitabu tunavyofundishia shuleni vinalieleza tukio hilo kwa lugha ya marais, mikataba na itikadi. Havisemi lolote kuhusu kabureta. Lakini kwa aliyekuwa na Land Rover Katesh au Mbulu mjini, kufungwa kwa mpaka kulikuwa na maana moja ya karibu sana: spea zilizokuwa zikipatikana Nairobi, kupitia Arusha na Namanga, sasa zilikuwa upande wa pili wa geti. Geti hilo halikufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983. Ilikuwa karibu miaka saba, na katika miaka hiyo saba magari hayakuacha kuharibika.

Nataka kueleza historia ya miaka hiyo kwa kutumia kipande kimoja tu cha chuma. Ni rodi ya mafuta: kifimbo chembamba kama penseli, sentimita 27 kutoka ncha hadi ncha, kilichofunguliwa mwaka jana kwenye Land Rover Series III iliyokaa nyuma ya nyumba ya ukoo wetu Katesh tangu nikiwa darasa la tatu. Binamu yangu anayeishi Arusha aliamua kulifufua gari hilo. Magari ya kale yana soko siku hizi: watalii wanayapenda, maharusi wanayakodi, wapiga picha wanayatafuta. Mimi nafundisha historia sekondari, tena niko karibu, kwa hiyo nilipewa kazi ya kumsimamia fundi, kumlipa, na kutuma picha kwa WhatsApp. Rodi hiyo ilikuwa imepinda. Binamu aliiona pichani akaandika neno moja: "Tupa."

Fundi hakuitupa.

*

Kwanza tuelewane rodi hii inafanya nini. Katika magari mengi ya leo, ukikanyaga pedali ya mafuta hakuna kinachovutwa wala kusukumwa hadi kwenye injini. Pedali inapeleka taarifa kwa umeme, kompyuta inaamua. Kabla ya hapo kulikuwa na kebo. Na kabla kebo haijaenea, kulikuwa na rodi. Ukirudi nyuma zaidi, hata pedali yenyewe haikuwapo: Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na pedali tatu sakafuni, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mafuta. Dereva aliongeza mwendo kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani.

Kwenye Land Rover ya zamani, mguu wako unazungusha mhimili mfupi unaopenya ukuta wa chuma unaotenganisha miguu ya dereva na injini. Mhimili unasukuma rodi, rodi inazungusha kiwiko, kiwiko kinasukuma rodi nyingine, na hiyo ya mwisho inafungua kijisahani kilicho kwenye koo la kabureta, ambacho mafundi hukiita bataflai. Kila maungio yana boljointi ndogo, na springi ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake unapoinua mguu. Ni mfumo wa mifupa na viungo. Ukifungua boneti na mwenzako akikanyaga pedali, utaona kila hatua kwa macho yako.

Ubaya wake ni huo huo wa mifupa. Rodi ikipinda vibaya inaweza kugusa bomba au kukwama kwenye pembe ya kitu. Ikikwama wakati bataflai iko wazi, injini itaendelea kunguruma hata ukiinua mguu. Mahali tambarare ni usumbufu. Kwenye Mlima Magara ni habari nyingine. Barabara ya Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu inatoka bonde la Ziwa Manyara, kwenye mita takriban 1,000, inakwea ukingo wa Bonde la Ufa hadi nyanda za Mbulu zilizo juu ya mita 1,700. Anayeteremka huko na gari lililokataa kupunguza mafuta ana sekunde chache za kukumbuka kuzima swichi.

*

Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua na cha kawaida vilitolewa kwa mgawo, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Ilikusudiwa shamba. Iliweza kufungiwa mkanda wa kuendesha msumeno au mashine ya kupura nafaka, na kwa kazi hiyo mteja aliweza kuagiza kijiti cha mkono cha kushikilia mafuta, ili injini ingurume bila mtu kukaa kwenye kiti. Kwa ufupi, lilikuwa gari lililotengenezwa wakati wa uhaba, na labda ndiyo sababu lilivumilia uhaba wa kwetu.

Huku kwetu liliingia na serikali, misheni na hospitali. Mbulu ya wakati huo ilikuwa kubwa. Hanang ilimegwa na kuwa wilaya yake 1969, na Mkoa wa Manyara wenyewe haukuwapo hadi 2002. Kutoka Dongobesh hadi Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri ilianza kazi 1955, au kutoka Katesh hadi Basotu, masika yakishika barabara ilikuwa jina tu. Bwana shamba, daktari, mchungaji na mkuu wa wilaya walifika kwa Land Rover, au hawakufika.

Lakini tusilipambe gari hili kuliko linavyostahili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbarbaig, na alisikia mlio wa Land Rover muda mrefu kabla ya vumbi lake kuonekana. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kila mara: wanakuja kupima ardhi? Hakuwa na wasiwasi wa bure. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, na kwa nguvu zaidi baada ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengine, yakafika jumla ya ekari zipatazo 100,000. Hizo zilikuwa nyanda bora za malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi dhidi ya NAFCO, kikapata ushindi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 1985. Kwa hiyo kuna watu Hanang ambao wakiona Land Rover ya kale iliyong'arishwa hawakumbuki safari za utotoni. Wanakumbuka vigingi.

Nimeanza na hayo kwa sababu fundi wetu anatoka katika historia hiyo hiyo. Alijifunza kazi akiwa kijana katika karakana ya shamba moja la ngano. Alianza kwa kuosha filta na kupitisha spana, na alipofika umri wa miaka ishirini alikuwa anafungua injini peke yake. Shamba lililomnyang'anya bibi yangu malisho ndilo lililompa fundi ufundi. Sijui namna ya kulipanga hilo katika mizani, na sidhani kama historia inatudai tulipange.

*

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Njoo uone mgongo wa hii rodi."

Alikuwa ameishika juu ya kipande cha gunia jeupe ili umbo lake lionekane. Alinionyesha kwamba imepindwa mara mbili, na kwamba mikunjo hiyo miwili si ndugu.

Mkunjo wa kwanza uko katikati, mrefu, wenye umbo kama shingo ya bata. Ukipitisha kidole hukuti ukingo wowote. Unene wa chuma ni ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. "Huu umepindwa kwa moto," alisema, "na aliyeupinda alikuwa na nafasi ya kufikiri." Mkunjo wa pili uko karibu na ncha, pale uzi wa nati unapoanzia. Huo ni mkali. Upande wa nje chuma kimevutika, upande wa ndani kimejikunyata, na ukikitazama kwa miwani yake ya kusomea utaona nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka. "Huu umepindwa kwa baridi. Huu ni mguu wa mtu mwenye haraka."

Kisha akanionyesha sababu. Sakafuni, chini ya pedali, panatakiwa kuwa na boliti fupi ya kuizuia pedali isishuke kupita kiasi. Boliti haikuwapo. Bataflai ikishafunguka yote haiwezi kwenda mbele tena. Dereva akiendelea kukanyaga, nguvu yote ya mguu inaishia kwenye rodi. Rodi inatafuta mahali palipo dhaifu, na mahali dhaifu ni penye uzi.

Hivyo mkunjo wa pili ulikuwa ajali. Wa kwanza ulikuwa nini? Jibu lilikuwa juu ya injini, limefunikwa na grisi iliyoganda. Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na kabureta ya Zenith. Hii yetu ilikuwa na Solex, jina limechorwa kwenye mwili wake. Fundi aliitambua mara moja: ya Peugeot 404. Chini yake palikuwa na kipande cha alumini kilichokatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa tupa, kimetobolewa matundu mawili ya kukaa kwenye injini na mawili ya kupokea kabureta ngeni. Mkono wa Solex hii ulikaa chini zaidi na pembeni zaidi kuliko wa Zenith. Rodi iliyonyooka isingeufikia bila kugonga bomba la maji. Ndipo mtu akaipinda.

"Ni wewe?" nilimuuliza.

"Si mimi. Lakini ningefanya hivi hivi."

Alinieleza jinsi ilivyokuwa. Zenith ikichoka, mhimili wa bataflai unalegea kwenye matundu yake, hewa inapenya, gari linakosa sailensa: ukiinua mguu linazima. Kabla ya 1977 ulinunua nyingine. Baada ya hapo ulisubiri fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, mafuta yakapanda bei duniani 1979, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ukawafanya hata wenye spea halali waogope kuonekana nazo. Nafuu ilianza 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa. Katikati ya miaka hiyo, Peugeot iliyokufa ilikuwa duka. Tena Solex ya 404 ilikuwa na koo jembamba kuliko Zenith. Ilipunguza nguvu ya gari, na ilipunguza pia kiu yake, wakati ambapo petroli ilipatikana kwa kibali. Aliyeifunga alijua anachopoteza na anachopata.

Mwanahistoria wa Marekani Joshua Grace, katika kitabu chake *African Motors* cha mwaka 2021, aliichukua kazi ya mafundi wa Tanzania kama historia ya teknolojia kamili, wala si hadithi ya watu waliobabaisha vitu vya wenzao. Nilikuwa nimekisoma kabla ya kushika rodi hii. Baada ya kuishika nilielewa kwamba hoja yake inaweza kupimwa kwa rula.

*

Mikanda mipya, brashi za breki na Zenith mpya vilikuwa vimeagizwa Uingereza pamoja na rodi yake iliyonyooka. Mzigo ulikwama njiani wiki kadhaa, na binamu alitaka gari lifike Arusha kwa miguu yake lenyewe. Rodi ya zamani ikapata wiki zake za mwisho za kazi, na mimi nikapata nafasi ya kuona ukarabati wake.

Fundi hakuanza na nyundo. Alianza na waya wa kufungia nondo. Alifunga bataflai kabisa, akaiacha pedali juu, akapima kutoka boljointi hadi boljointi, kisha akaupinda waya ule kwa mkono ukafuata njia ambayo rodi ingepita bila kugusa kitu. Waya huo ndio uliokuwa mchoro wake. Mkunjo wa katikati ulilingana na waya karibu kabisa. Tofauti ilikuwa kwenye ncha peke yake.

Gesi ya kuchomelea alikuwa nayo, akaiacha. Alitaka mkaa. Alisema gesi inauma mahali pamoja na chuma chembamba kinaungua kabla hujageuka. Kunyoosha kwa baridi nako hakukubali: chuma kilichokwisha kupindwa kwa baridi kimekuwa kigumu pale pale, na ukikirudisha kwa nguvu nyufa zile ndogo zinakuwa kubwa. Alifunga nati mbili kwenye uzi kuulinda, akapuliza mkaa hadi ncha ikawa nyekundu iliyofifia, rangi ya damu inayoanza kukauka. Akaibana kati ya vipande viwili vya mbao, moshi ukatoka, akasukuma taratibu. Nyundo ya chuma ingeibapa. Kisha akaizika kwenye majivu ipoe polepole, kwa sababu maji yangekishtua chuma.

Nilikuwa nimeyaona majivu kama yale, mbali kidogo. Wahunzi wa Kidatoga karibu na Ziwa Eyasi bado wanapuliza moto kwa viriba vya ngozi ya mbuzi. Wanafua misumari ya kununua dukani kuwa vichwa vya mishale, ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana, na wanayeyusha makufuli na mabomba ya zamani ya shaba kuwa bangili. Ujuzi wa kukisoma chuma kwa rangi yake haukuja katika eneo hili na Land Rover.

Chuma kilipopoa alikagua nyufa. Mbili zilikuwa bado zinaonekana. Alikata sentimita mbili za ncha, akachomelea kipande cha boliti kuukuu chenye uzi mzima, akakipiga tupa mpaka kiungo kikalingana na unene wa rodi. Akafunga boljointi, akaacha ulegevu kidogo. Niliuliza kwa nini asikaze. Aliwasha injini akanionyesha inavyotikisika juu ya raba zake huku bodi imetulia: rodi inaunganisha kitu kinachocheza na kitu kisichocheza, ukiikaza sana injini yenyewe itakuwa inajikanyagia mafuta. Mwisho aliweka boliti sakafuni na kuirekebisha hadi pedali ikagota sekunde ile ile bataflai inapofunguka yote. Hiyo boliti, alisema, ndiyo dawa. Rodi ilikuwa dalili.

*

Siku hiyo nilimwambia maoni yangu. Nilimwambia rodi hii isiondolewe kwenye gari, au kama itaondolewa iwekwe kwenye kisanduku cha kioo na maelezo. Gari likirudishwa "orijino," nilisema, litakuwa linaonyesha Solihull ya 1972 na kufuta Hanang ya 1980. Binamu anataka gari kama lilivyotoka kiwandani, lakini kiwandani lilikaa siku chache tu. Huku limekaa miaka hamsini.

Alinisikiliza hadi mwisho, huku akifuta mikono.

"Mwalimu, ile ilikuwa njaa," akasema. "Mtu akila mizizi wakati wa njaa, tunamsifu hakufa. Hatuweki mizizi makumbusho halafu tuseme chakula chetu ndicho hiki. Bosi akipata Zenith mpya, afunge Zenith mpya. Mimi mwenyewe ningefunga."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Sisi tuliosoma tuna tabia ya kuupenda ubunifu wa watu waliobanwa, tukasahau kuwauliza kama walipenda kubanwa. Fundi hakuona aibu kwa mkunjo ule. Aliusifu kwa lugha ya kazi, kwamba aliyeupinda alikuwa na nafasi ya kufikiri. Alichokataa ni kuufanya pambo. Hata hivyo hoja yangu haikufa yote. Katika mafaili ya serikali unaweza kukuta barua ya kuagiza gari, stakabadhi, hata ripoti ya ajali. Hukuti karatasi inayosema kwamba fundi fulani alitoa kabureta ya Peugeot, akakata alumini, akapinda rodi, na daktari akafika kwa mgonjwa. Ukumbusho wa tendo hilo ni chuma chenyewe, na watu waliolifanya wana miaka sitini na zaidi.

Basi nilifanya lililokuwa katika uwezo wangu. Nilipiga picha rodi pande zote kabla na baada. Nilichora mkunjo wake kwenye karatasi ya grafu ya wanafunzi. Nilirekodi saa tatu za maelezo ya fundi kwa simu, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameanza kuwarekodi mafundi wengine, wawili wawili, kila Jumamosi. Wanauliza swali moja rahisi: ni kitu gani uliwahi kukitengeneza kwa sababu hakikuwepo? Majibu yanafika hadi jioni.

Gari lilifika Arusha bila kuzima. Mzigo ulipotoka bandarini Zenith ikafungwa, na binamu akairudisha Solex pamoja na rodi yake kwa basi, kwa heshima yangu. Niliipeleka kwa fundi aitazame kwa mara ya mwisho, nikaiacha kwake siku mbili nikisahihisha mitihani. Nilipoirudia alikuwa ameikata. Mkulima mmoja wa vitunguu alikuwa amekuja na pampu ya maji iliyovunjika kijiti cha mafuta, na rodi ilikuwa ya unene ule ule aliouhitaji.